Barua ya wazi kwa wakubwa wa ununuzi wa umma: hela yetu inapotelea siku ya kupokea mzigo na miezi ya kusubiri malipo

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa zetu wote mnaoshika kalamu ya ununuzi wa umma, kuanzia Wizara ya Fedha, PPRA wanaosimamia ununuzi wa umma, TAMISEMI, mpaka maafisa masuuli, bodi za zabuni na maafisa manunuzi wa halmashauri zote nchini. Mi ni fundi seremala wa hapa Tanga mjini, karakana yangu iko Ngamiani, zaidi ya miaka ishirini sasa nashika randa, nimewahi kuuza vitu serikalini na nimewahi pia kukaa kama mzazi kwenye kamati ya kupokea vitu vya shule. Kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa, nimeuza na nimepokea, na pote pawili nimeona hela ya umma ikipotea mbele ya macho yangu na hakuna aliyeshtuka.

Kila mwaka mwisho wa Machi CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti, Aprili inatua bungeni, na siku zile redio zote na vijiwe vyote vya kahawa hapa mjini habari ni hiyo moja tu, halmashauri fulani hati chafu, shirika fulani limenunua nje ya mfumo, nani kapewa zabuni na kwa nini kapewa yeye. Maneno mazuri tu, na yasemwe. Ila mi naona nguvu zote tunazimalizia kwenye zabuni, yaani tangazo, ushindani, nani kashinda, alafu mkataba ukishasainiwa kila mtu anageuka anaenda zake kana kwamba kazi imeisha. Kazi ndo kwanza inaanza pale. Zabuni inaweza ikawa safi kabisa, imetangazwa, imeshindaniwa, imetathminiwa vizuri na kila karatasi ina muhuri wake, na bado hela ikapotea yote siku mzigo unaposhushwa na kwenye miezi ya kusubiri malipo inayofuata.

Ntaanza na siku ya kushusha mzigo. Ilikua tarehe 28 Juni 2022, siku ya Jumanne, baada ya magharibi. Shule ni ya msingi, jina lake naliacha na jina la ofisi iliyonunua naliacha pia. Nilipigiwa simu na mwalimu, njoo haraka madawati yamefika na wewe ni mjumbe wa mapokezi, nikachukua bajaji nikaenda. Nakuta fuso limeshashusha nusu, madawati 80, taa ya uwanjani haipo, tunamulika na tochi za simu. Rangi bado inanata, ukigusa kidole kinatoka cheusi. Mi ni fundi, siwezi kuliangalia dawati bila kulipindua, nikashika moja nikaliinua, likaja juu kwa mkono mmoja. Pale pale nikajua. Dawati la watoto watatu la skwea paipu ya geji 16 hulinyanyui hivo, huyu kaweka geji 18 au nyembamba zaidi, maana geji namba ikipanda ndo chuma kinakua chembamba, na paipu ikishapakwa rangi kwa nje zote zinafanana, huwezi kuzijua kwa kutazama. Nikamulika chini ya kiti, kwenye viungo hawakuchomelea mzunguko mzima, wamepiga nukta mbili tatu alafu rangi ikafunika. Mbao ilikua msindano mbichi, nikiikandamiza na ukucha inaacha alama na unyevu unausikia kabisa.

Nikauliza, maelezo ya zabuni yako wapi tulinganishe, yule kijana aliyeleta mzigo akasema yako ofisini. Karatasi aliyokua nayo imeandikwa "Madawati 80" basi, hakuna geji, hakuna aina ya mbao, hakuna chochote. Nikasema basi tusisaini leo, tusubiri kesho kuche tuyaangalie vizuri na hayo maelezo yaletwe. Mwalimu akapiga simu sehemu, akanipa simu niongee, na sauti ya upande wa pili ikaniambia kwa upole kabisa, baba saini tu, mwaka wa fedha unafungwa keshokutwa, hela ikirudi Hazina watoto wenu watakaa chini na lawama itakua yako.

Nikasaini. Nalisema hili wazi kwa sababu nimelibeba muda mrefu, nilijua mzigo ni mbovu na nikaweka jina langu, nikawaza watoto kukaa chini, nikawaza wazazi wenzangu watanionaje, na kalamu ikapita. Na nina uhakika kila mwisho wa Juni nchi hii kuna mamia ya watu wa namna yangu, mwalimu, mzazi, muuguzi, mtunza stoo, wanasaini hivo hivo kwa tochi ya simu na kwa sababu hiyo hiyo.

Kilichofuata mnakijua hata kabla sijasema. Msindano mbichi ukikauka unajikunja, ulipokauka misumari ikatoka vichwa, sketi za wasichana zikaanza kuchanika, mwaka mmoja haujapita viungo vikaanza kuachia. Mwalimu akawa ananiita, nikaenda na kijana wangu tukatengeneza 31 bila kudai hata mia, kwa sababu niliona deni lile ni langu. Mwanzoni mwa 2024 mengi yalishalala kwenye lile rundo, na rundo mnalijua, kila shule ya umma inalo, nyuma ya darasa la mwisho karibu na vyoo, vyuma vimekunjwa juu ya vyuma na mchicha pori umeota katikati. Mi nikipita kwenye shule yoyote macho yangu yanaenda kwenye rundo kwanza, kwa sababu pale ndo unaposoma hesabu za ukweli za shule ile.

Baadae nilikuja kujua bei, dawati moja lilinunuliwa 68,000. Na kwenye karatasi lilionekana bei nzuri sana, lilishinda kwa sababu lilikua la chini kuliko wote. Wakati huo mi dawati langu la geji 16 lenye mbao ya mtiki ya Longuza pale Muheza, iliyokaushwa, nauza kwa mtu binafsi 85,000, na yapo ninayoyajua yametimiza miaka minane yamepakwa rangi mara moja tu. Sasa tupige hesabu ya dukani, 68,000 kwa miaka miwili ni 34,000 kwa mwaka, 85,000 kwa miaka minane ni kama 10,600 kwa mwaka. Yaani lile la bei ya chini lilikua ghali zaidi ya mara tatu, na mtathmini hakukosea sheria popote, alichagua bei ndogo kama karatasi ilivyomruhusu, kwa sababu karatasi yenyewe haikuuliza dawati litaishi miaka mingapi.

Na hili la miaka haliko kwenye madawati peke yake, printa za maofisini ni hivo hivo, inanunuliwa ya bei ya chini alafu wino wake ndani ya mwaka unazidi bei ya printa, pampu za visima, matairi, vitanda vya zahanati, kote huko. Ila mi naongea ninachokijua kwa mikono.

Ninachokijua ni kwamba ubora wa dawati unaweza kuandikwa kwenye mistari mitano ambayo mtu asiye fundi anaweza kuikagua. Geji ya paipu, na mtu apewe venia, kifaa kidogo tu, unabana kwenye ukingo wa paipu kabla hawajaziba unasoma milimita. Aina ya mbao na kwamba iwe imekauka. Kuchomelea mzunguko mzima. Boliti badala ya misumari. Na la tano ndo nalipenda kuliko yote, uzito. Andikeni kwenye maelezo ya zabuni kwamba dawati lisipungue kilo kadhaa, basi, kwa sababu chuma chembamba hakiwezi kudanganya mizani, na mizani ipo kila mtaa, hata muuza viazi anayo. Alafu mzabuni alete dawati moja la mfano kabla ya kutengeneza mengine, libaki kwa mwalimu mkuu likiwa na saini za pande zote mbili, mzigo ukija unalinganishwa na lile. VETA Tanga wanaofundisha ufundi wapo, SIDO wa viwanda vidogo wapo, mkiwaita wakae nusu siku na afisa manunuzi waandike maelezo ya dawati, kitanda na meza, maelezo hayo yatatumika miaka kumi. Saivi anayeandika mara nyingi hajawahi kushika mbao, ananakili ya mwaka jana, na ya mwaka jana ilinakiliwa ya mwaka juzi.

Sasa nije kwenye malipo, maana hapa ndo naombeni mnisikilize kwa makini kuliko kote.

2019 nilipata kazi ya madawati 120 kwenye ofisi moja ya umma, bei 85,000 kwa dawati, jumla milioni 10 na laki mbili. Nilifurahi, mama watoto alifurahi, vijana wangu walifurahi. Sina mtaji wa namna hiyo, nikakopa milioni 10 kwenye taasisi ya mikopo kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, nikijua nitalipwa baada ya mwezi au miwili. Kazi nilimaliza kwa wakati, ikapokelewa, ikasifiwa hata. Nikapeleka ankara yenye risiti ya EFD. Kilichofuata ni kwenda na kurudi, rudi wiki ijayo, fungu halijaja, mfumo uko chini, mhusika kasafiri Dodoma, faili liko mezani kwa mkubwa, leta nakala nyingine ile haionekani. Nilikua natoka Ngamiani asubuhi na karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki nakaa kwenye benchi la korido mpaka adhuhuri. Miezi tisa. Riba ya laki tatu na nusu mara tisa ni milioni 3 na laki moja na hamsini elfu, yaani faida yote ilikwenda na juu yake nikauza mashine yangu ya kurandia, na vijana wawili wakaondoka kwa sababu sikua na cha kuwalipa, mmoja yuko bodaboda mpaka leo na alikua fundi mzuri kunizidi.

Ofisi nyingine ya umma ilipokuja kuniomba bei ya dawati lile lile, mnajua niliandika ngapi? 112,000. Chukueni 3,150,000 mgawanye kwa madawati 120, inakuja 26,250 kila dawati, ongezeni kwenye 85,000 ni 111,250. Mkaguzi akija atasema huyu kapandisha bei kuliko soko, na ni kweli kapandisha, ila ndani ya ile bei hakuna dhuluma wala mgao wa mtu, kuna miezi tisa ya benchi. Serikali inalipa bei ya kusubiri na haijui kwamba inailipa kwa sababu haijaandikwa popote, imejificha ndani ya dawati, ndani ya mfuko wa saruji, ndani ya sahani ya chakula cha semina. 2016 sheria ya ununuzi ilirekebishwa kwa sababu ya malalamiko kwamba serikali inanunua juu ya bei ya soko, na sheria mpya ya 2023 imekuja na dhamira hiyo hiyo. Mimi naunga mkono kabisa. Lakini bei ya soko ni ya mtu anayelipa kama sokoni, mkononi. Mteja wangu wa Raskazone anakuja na nusu, anamalizia siku ya kuchukua, ndo maana anapata 85,000.

Na sio bei tu. Mafundi wazuri wakishaumia mara moja hawarudi, wanaobaki kuomba zabuni ni wa aina mbili, mwenye mtaji mkubwa anayeweza kukaa mwaka bila kulipwa, na yule anayemjua mtu wa kusukuma faili. Huyu anayesukuma faili hasukumi bure, anataka chake, na hicho chake kinaingia kwenye bei ya zabuni ijayo. TAKUKURU wanaweka mabango ya kukataa rushwa ukutani na ni kazi nzuri wanafanya, ila mkitaka kuikata hii moja mkilipa kwa siku inayojulikana hakuna mtu atakuwa na faili la kusukuma.

Hapa hapa Tanga tuna mfano ambao naomba muutazame vizuri. 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, walitoa hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa watu na taasisi, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, watu na taasisi wakanunua mpaka ikavuka lengo. Kwa nini watu waliamini? Kwa sababu tarehe ya kulipwa riba inajulikana, kila miezi sita. Sasa linganisheni. Chombo cha umma kikiahidi tarehe kinakopeshwa kwa 13.5 kwa mwaka. Ofisi ya umma ikichelewesha malipo ya fundi nayo inakopa, inakopa kwa fundi bila kumwomba, na fundi kakopa kwa 3.5 kwa mwezi, piga mara kumi na mbili ni 42 kwa mwaka. Serikali yenye uwezo wa kukopa kwa 13.5 inakopa kwa 42 kupitia mgongo wa seremala wa Ngamiani. Nimelala na hesabu hii usiku mwingi na sioni inamfaa nani.

Kuna kikundi cha akina mama nawafahamu, wanashona sare, walichukua mkopo wa halmashauri kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Wakapata na kazi ya umma kupitia ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa makundi maalum. Sheria zote mbili nzuri, mwenyezi Mungu awalipe waliozitunga. Ila wakakaa miezi wanadai hela ya sare kwa ofisi ya umma huku wanadaiwa rejesho la mkopo wa umma kila mwezi, wakachanga mifukoni mwao, mmoja kauza cherehani kulipa rejesho. Umma unamdai mama na umma unadaiwa na mama yule yule, na anayepigiwa simu za kusumbuliwa ni mama.

Sitaki mseme huyu haoni mazuri. NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali wa mtandaoni, ni kitu kizuri kweli. Ulipoanza Julai 2023 kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS wengi tuliogopa, tukasema haya ya mitandao ni ya wenye kompyuta, mpwa wangu akakaa na mimi jioni mbili tukajisajili, TIN, leseni, karatasi za BRELA, na leo zabuni naiona kwenye simu nikiwa na randa mkononi bila kumjua mtu yeyote. Zamani ungeijua zabuni kwa kuambiwa na mtu wa ndani. Ila mi nikiingia naona tangazo na naona aliyeshinda, alafu pazia linashuka. Sioni mzigo ulipokelewa lini, na nani, ukiwa na hali gani, wala ankara iliingia lini na ililipwa lini. Mkiongeza hayo manne wananchi wayaone, pamoja na picha ya mzigo wenyewe, mtashangaa mambo yatakavyonyooka bila semina hata moja. Mzazi wa Mabokweni atafungua simu aone shule ya mwanae imepokea madawati 80 ya geji 16, atatembea dakika kumi akayaangalie.

Na miradi mikubwa inatuonyesha inawezekana. Bandari yetu imewekewa bilioni 429.1, na thamani yake mtu yeyote anaiona kwa macho, zamani meli kubwa ilitia nanga kule mbali na mzigo ukaletwa na matishari, leo inafunga gatini. Mradi ule ulikua na wasimamizi, wapimaji, viongozi wanapishana kuukagua, Rais mwenyewe kaja. Dawati halina mtu wa kuja kulikagua. Ukijumlisha madawati, vitanda, tangi za maji, milango na madirisha ya nchi nzima unapata bandari nyingine, na hiyo bandari ya vitu vidogo inalindwa na mzazi mmoja mwenye tochi ya simu.

Jingine ni haraka. 2021 zilipokuja zile trilioni 1.3 za UVIKO-19, madarasa 15,000, kila darasa milioni 20, kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, ni kamati za shule na mafundi wa mtaani. Kazi kubwa ilifanyika, Januari 2022 kidato cha kwanza wakaingia wote kwa pamoja na sisi mafundi wa mitaani tukapata riziki, namshukuru Mungu. Ila nchi nzima iliingia dukani wiki zile zile. Kiwanda cha saruji kiko hapo Pongwe, tunauona moshi wake, na bado kila nikirudi hardware mfuko umepanda, nondo zimepanda, bati hazipo, unaambiwa njoo Alhamisi. Milioni 20 ya Oktoba haikua milioni 20 ya Desemba. Mpango wa mwaka wa ununuzi upo kisheria, GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, wapo kwa ajili ya kukubaliana bei na wauzaji mapema, kwa nini vitu ambavyo kila mwaka tunajua vitahitajika, na watoto wa Januari tunajua idadi yao tangu wanafanya mtihani wa darasa la saba, tunavinunua kama watu wanaokimbia mvua?

Naomba basi haya, na ntayasema kama yanavyonijia. Malipo ya mafundi na wazabuni wadogo yawe na siku, siku 30 tangu mzigo upokelewe, na zikipita riba ya kuchelewa iandikwe wazi kwenye hesabu za ofisi iliyochelewesha, isifichwe ndani ya bei ya dawati, ili mkubwa wa ofisi aulizwe yeye badala ya kuulizwa fundi. Na ofisi isitangaze zabuni kama hela haijawepo, hili tu peke yake lingepunguza nusu ya machozi. Kamati ya mapokezi ipewe maelezo ya zabuni siku tatu kabla ya mzigo, ipewe mizani na venia, ipokee mchana, na iwe na fundi mmoja asiye na maslahi kwenye kazi ile, mlipeni posho yake ya siku, haifiki bei ya dawati moja. Tathmini iangalie dawati litaishi miaka mingapi, na mzabuni atoe dhamana ya mwaka mmoja au miwili, likivunjika aje atengeneze yeye. Rundo la nyuma ya darasa lihesabiwe kila mwaka na liandikwe nani alileta na lini, alafu akiomba tena zabuni orodha hiyo iwe mezani.

Na mjumbe wa mapokezi akikataa mzigo mbovu alindwe. Hili naliombea kwa uchungu. Mtu aliyekataa asipigiwe simu ya kutishiwa watoto watakaa chini, asionekane mkorofi, asiondolewe kwenye kamati mwaka unaofuata. Hela ya mzigo uliokataliwa kwa sababu ya ubovu iwe na njia ya kubaki kwa ajili ya shule ile ile hata Juni ikipita, kwa sababu ile hofu ya hela kurudi Hazina ndo inayosainisha watu usiku. Mi ningeambiwa siku ile kwamba kukataa hakutawanyima watoto madawati, wallahi nisingesaini.

Dawati moja kati ya yale 80 ninalo hapa karakana, mwalimu aliniachia nilipoenda kutengeneza. Sijaligusa, liko kama lilivyovunjika, nimelikata mguu mmoja ili unene wa paipu uonekane kwa ndani, na pembeni yake nimeweka kipande cha geji 16. Afisa yeyote wa ununuzi akipita Tanga, aje, sitamuuliza anatoka ofisi gani, nitampa venia apime mwenyewe. Ila aje kabla ya katikati ya Juni, kwa sababu wiki mbili za mwisho za mwezi ule malori yataanza tena kushusha usiku, na ombi langu la kwanza kabisa ni kuhusu hizo wiki mbili.

Fundi seremala na mzazi,
Ngamiani, Tanga